Kabla hujamkanda mtu, ijue ngozi yake

Mzazi ametoka hospitalini siku ya nne. Amejifungua kwa upasuaji. Nyumbani maji yameshachemka, mafuta ya nazi yamewekwa karibu na jiko yapate joto, na nyanya ambaye amewakanda wazazi wa mtaa mzima ameshakunja mikono ya rinda lake. Je, aanzie wapi? Na la muhimu zaidi, asiguse wapi?

Swali hilo si la nyanya peke yake. Ni la msichana aliyejiunga na chuo cha urembo jijini Nairobi akitumaini kuajiriwa katika hoteli za kitalii kule Diani au Malindi. Ni la kijana anayekanda wanariadha. Aidha, ni la mama yeyote ambaye mtoto wake alimwagikiwa na uji wa moto na sasa ana kovu gumu kwenye kiwiko, na majirani wamemwambia alikande kila siku ili "lilainike". Kovu laweza kulainika kwa kukandwa, lakini linaweza pia kufumuka. Tofauti ya mambo hayo mawili imo katika somo moja ambalo wanafunzi wengi hulisikiliza huku wakipiga miayo, nalo ni somo la ngozi.

Wanaofundisha kazi hii wanajua jinsi mambo huwa. Mwanafunzi hutaka kufikia haraka mikono: kupapasa, kufinyanga, kupigapiga kwa viganja. Anapoletewa mchoro wa ngozi wenye mishale na majina magumu huona anapotezewa wakati. Lakini mkandaji hafanyi kazi juu ya misuli, wala hafanyi kazi juu ya mifupa. Kitu pekee anachokigusa tangu mteja alale hadi ainuke ni ngozi. Fundi wa magari asiyejua bodi ya gari anaweza kusamehewa kwa kuwa injini imo ndani. Mkandaji hana udhuru huo.

Tuanze basi. Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ukiitandaza ya mtu mzima itafikia eneo la mita mraba 1.5 hadi 2, yaani karibu na ukubwa wa shuka la kitanda cha mtoto. Unene wake si sawa kila mahali. Kwenye kope, tabaka la juu kabisa ni jembamba mno, kiasi cha sehemu 5 tu za mia moja za milimita. Kwenye unyayo tabaka hilo hilo hufikia milimita 1.5 na zaidi kwa mtu aliyezoea kutembea peku. Ndiyo sababu kidole gumba kinachoweza kusukuma unyayo kwa nguvu zote hakifai hata kidogo karibu na jicho.

Tabaka hilo la juu halina mshipa wa damu hata mmoja. Ndiyo maana unaweza kujikwaruza kidogo usitokwe na damu. Seli zake huzaliwa chini kabisa, kisha husukumwa juu na wadogo zao wanaozaliwa nyuma yao. Safari huchukua karibu majuma manne. Zikifika juu huwa zimekwisha kufa, zimebapa kama magamba, na huondoka zenyewe kwa kusuguliwa na nguo, na shuka, na viganja vya mkandaji. Ule uchafu mweusi unaotoka mtu akisuguliwa kwa dodoki mara nyingi si uchafu wa kuonea aibu, bali ni ngozi ya mwezi uliopita.

Humo humo chini, kwenye safu ya uzazi wa seli, ndimo zinamokaa seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Huenda jambo hili likawashangaza wengine: idadi ya seli hizo kwa Mjaluo, Mhindi na Mzungu ni karibu sawa. Kinachotofautiana ni bidii yao ya kazi. Seli hizi zikiumizwa, kwa moto au kwa jeraha, hutenda moja kati ya mambo mawili. Huacha kazi, na hapo pakabaki baka jeupe, au hufanya kazi kupita kiasi na pakawa peusi kuliko sehemu nyingine. Mtoto aliyeungua akapata mabaka hajarogwa, wala uji wenyewe haukuwa na dawa.

Chini ya tabaka la juu ndipo penye utajiri. Hapa kuna mishipa ya damu, neva, mashina ya nywele, tezi za jasho na tezi za mafuta. Viganja vya mikono na nyayo havina tezi za mafuta kamwe, na hiyo ndiyo sababu moja ya visigino kupasuka wakati wa baridi ya Julai. Hapa pia kuna vipokezi vya mguso, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna vinavyohisi mguso mwepesi kama wa unyoya. Kuna vingine, vilivyozama zaidi, vinavyohisi mgandamizo na mtetemo. Mteja anayesinzia chini ya mkono mzito wa polepole, kisha akashtuka na kucheka unapompitishia ncha za vidole, anakuonyesha vipokezi hivyo waziwazi.

Lakini kinachoshikilia jengo zima ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Hizi ni kama kamba za katani zilizofumwa huku na huku. Kati yake hupita nyuzi nyingine za elastini, ambazo hufanya kazi ya mpira. Vuta ngozi ya mgongo wa kiganja chako kisha uiachilie. Kwa kijana hurudi papo hapo, na kwa mzee hurudi kwa kujikokota, maana elastini yake imechakaa. Mwaka wa 1861 mtaalamu wa mwili Karl Langer, kule Vienna, alionyesha kwamba kamba hizi zina mwelekeo maalumu katika kila sehemu ya mwili. Jeraha linalofuata mwelekeo huo huacha kovu jembamba, na linaloukata hubaki limeachama. Madaktari wa upasuaji huyajua hayo wanapochagua pa kupitisha kisu, na mkandaji wa makovu anafaa kuyajua pia.

Tabaka la tatu ni la mafuta. Yeyote aliyewahi kuchuna kuku amekwisha kuliona: ukivuta ngozi, yale manjano laini yanayong'ang'ania nyama ndiyo hayo. Na ule utando mweupe mgumu ambao mwenye bucha huupitishia kisu kabla ya kukukatia nyama ndio unaofunika misuli yetu pia. Kovu baya hushikamana na utando huo, kisha kila mtu akijinyoosha huhisi anavutwa kwa ndani.

Mwili unavyojishona

Sasa tuje kwenye jeraha. Kisu cha kukatia sukumawiki kimeteleza. Mishipa iliyokatwa hujibana, na chembe za kugandisha damu hukimbilia hapo na kuziba tundu. Haya huchukua dakika chache. Kisha mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma. Wengi huuchukia uvimbe huu na kutaka kuukanda uishe, lakini uvimbe wa siku tatu hadi tano za kwanza si ugonjwa. Mishipa imefunguliwa makusudi ili seli nyeupe za damu zipite. Kundi la kwanza hupigana na vijidudu. Kundi la pili huzoa maiti na vifusi, na pia hutoa amri ya ujenzi kuanza. Kumkanda mtu hapo wakati huo ni sawa na kupitisha ng'ombe mahali waashi wanapochanganya simiti.

Baada ya hapo, kuanzia siku ya nne hivi hadi juma la tatu, ujenzi hupamba moto. Nyama nyekundu yenye chembechembe hujaza shimo. Mishipa midogo mipya huchipuka. Seli za juu hutambaa kutoka kingoni zikikutana katikati. Kolajeni inayowekwa sasa ni ya harakaharaka, nyembamba na dhaifu, mfano wa fundi wa cherehani anayepiga bandi kwanza kabla ya kushona.

Ushonaji wenyewe huja baadaye, nao ni wa polepole ajabu. Ile kolajeni dhaifu hubomolewa na kuwekwa nyingine imara, na nyuzi hupangwa upya kulingana na jinsi sehemu hiyo inavyovutwa kila siku. Kazi hii huendelea kwa mwaka mzima na hata zaidi.

Hapa ndipo wengi hudanganywa na macho. Kidonda cha upasuaji kilichoshonwa vizuri hufunikwa na ngozi mpya kwa muda wa siku mbili hivi. Ukikitazama utasema kimepona. Lakini mwishoni mwa juma la kwanza nguvu zake ni karibu asilimia 3 tu ya nguvu za ngozi ambayo haijawahi kukatwa. Baada ya majuma matatu hufika kati ya asilimia 20 na 30. Miezi mitatu ikipita hufika 80 hivi, na hapo ndipo hukomea. Kovu halirejei kamwe kuwa ngozi kamili. Halioti nywele, halina tezi za jasho. Mtoto aliye tumboni, katika miezi ya mwanzo, ndiye pekee kati yetu ambaye ngozi yake hupona bila kuacha kovu.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa kazi hii angepaswa kusimuliwa. Kati ya miaka ya 1740 na 1744 nahodha Mwingereza George Anson aliizunguka dunia kwa merikebu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa ugonjwa wa kiseyeye, unaoletwa na ukosefu wa vitamini C. Katika kitabu cha safari hiyo imeandikwa habari ya mzee mmoja aliyekuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne, huko Ireland, mwaka wa 1690. Majeraha yake yalikuwa yamepona zaidi ya miaka 50. Ugonjwa ulipomshika, yalifumuka tena kana kwamba hayakuwahi kufunga.

Sababu yake inaeleweka leo. Kolajeni ya kovu huvunjwa na kujengwa upya daima, na vitamini C ni mojawapo ya vifaa vya lazima katika ujenzi huo. Kovu si kiraka kilichopigwa gundi kikaachwa. Ni shimo la barabara ambalo lazima lizibwe kila siku, maisha yote. Kwa hivyo mkandaji anayemuuliza mteja wake kama anakula mapera, machungwa, maharagwe na mayai hajiingizi katika mambo yasiyomhusu.

Jambo jingine ni hili la kukiacha kidonda wazi "kipigwe na hewa". Wazazi wetu walituambia hivyo, na mpaka leo akina mama wengi huwaambia watoto. Mwaka wa 1962 mtafiti George Winter, kwa kuwachunguza nguruwe, alionyesha kwamba vidonda vidogo vilivyofunikwa kwa plastiki nyembamba vikabaki na unyevu vilifunga upesi karibu maradufu ya vile vilivyoachwa vikauke na kufanya kigaga. Seli zinazotambaa huhitaji majimaji. Zikikuta kigaga kikavu hulazimika kuchimba njia chini yake. Hii haina maana kwamba kidonda kifunikwe kwa mfuko wa duka. Kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa safi cha dawa, na kigaga kisibanduliwe kwa kucha.

Na kwa aliyeungua, dawa ya kwanza ni maji ya kawaida ya mfereji, yanayotiririka, kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na ute wa yai havifai: huongeza uchafu na humpa daktari kazi ya kuviondoa kwanza.

Mzazi aliyepasuliwa

Turudi kwa mzazi wetu. Desturi ya kumkanda mama aliyejifungua ni ya thamani, na mwandishi huyu hayumo miongoni mwa wanaoidharau. Mama hupumzika, huogeshwa, hupata mtu wa kumshikia mtoto. Pwani huongezewa na kusingwa kwa liwa. Lakini upasuaji umebadilisha mambo, na wakandaji wengine hawajabadilika.

Daktari anapomtoa mtoto kwa njia hiyo hupita ngozi, kisha mafuta, kisha ule utando mgumu mweupe. Misuli huisogeza kando. Halafu hupita utando wa ndani na mwisho kizazi chenyewe. Kila tabaka huwa na jeraha lake na ratiba yake ya kupona. Kile kimstari kinachoonekana nje ni kifuniko tu. Anayekanda tumbo hilo siku ya nne kwa nguvu, "kurudisha kizazi mahali pake", anavuta mishono ya ndani ambayo haoni.

Maji ya moto nayo ni hatari kwa sababu ambayo wengi hawaidhanii. Kisu kilipokata ngozi kilikata pia neva ndogo. Sehemu inayozunguka kovu hupoteza hisia kwa miezi kadhaa, maana neva huota tena kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku. Mama aliyewekewa taulo la moto hapo anaweza kuungua bila kusema "aah". Baadaye, neva zikirudi, huwashwa na kuchomwachomwa kama na siafu. Akina mama wengine hudhani kidonda kimeharibika, kumbe ni dalili ya uhai.

Kubwa kuliko yote ni miguu. Katika majuma sita baada ya kujifungua damu ya mama huwa nyepesi kuganda, na upasuaji huizidisha hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto na kuuma kwenye nyama ya nyuma ya goti kushuka chini, usiukande. Narudia, usiukande hata kama mama mwenyewe anakusihi. Huenda pana bonge la damu ndani ya mshipa, na mkono wa mkandaji ukilisukuma laweza kusafiri hadi mapafuni na kumuua papo hapo. Kazi ya mkandaji hapo ni kutafuta gari la kumpeleka hospitalini.

Basi mkono uingie lini? Kwa kovu la kawaida, mpaka ngozi ifunge kabisa, nyuzi zitolewe, na pasiwe na kigaga, usaha wala maji yanayotoka. Hilo ni juma la pili au la tatu kwa majeraha madogo. Kwa mama aliyepasuliwa ni baada ya majuma sita na daktari akishamkagua. Huanzia pembeni mwa kovu, si juu yake. Vidole viwili huwekwa kwa mafuta kidogo na kuisogeza ngozi yenyewe juu ya kilicho chini yake, huku na huku, kwa mviringo, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Kidole kinachoteleza juu ya mafuta tupu hakifanyi chochote. Uzito huongezwa siku baada ya siku, na maumivu makali ni amri ya kuacha. Aidha, kovu changa lifunikwe lisipigwe na jua, la sivyo litakuwa jeusi.

Ukweli usemwe: utafiti kuhusu kukanda makovu si mwingi, na matokeo yake yanatofautiana. Kunalainisha, kunapunguza mwasho na kumfanya mtu aizoee tena sehemu aliyokuwa akiiogopa kuigusa. Hakufuti kovu. Anayekuuzia mafuta ya kulifuta kwa majuma mawili anakuuzia chupa.

Keloidi ni habari nyingine kabisa. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha, na mara nyingi hupungua lenyewe. Keloidi huvuka mipaka, hutambaa kwenye ngozi nzima kama kaa anayenyoosha gando, na kwa kweli daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliyelipa jina miaka 200 iliyopita alikuwa akifikiria gando hilo. Sisi wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi, hasa kwenye ndewe za masikio yaliyotogwa, kifuani na mabegani. Kukatwa peke yake mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi, hivyo madaktari huongezea sindano za dawa ndani yake au kulibana. Mkandaji asijaribu kulivunja kwa vidole, na kinyozi asilikate kwa wembe. Msichana ambaye mamake au shangazi yake analo afikiri mara mbili kabla ya kutoga tundu la pili na la tatu.

Yapo mengine ya kumrudisha mteja nyumbani, au kwa daktari: upele, choa, majipu, mkanda wa jeshi. Baka lisilohisi kitu liwe la kutiliwa shaka zaidi, maana laweza kuwa ukoma, ambao unatibika kabisa ukiwahiwa. Mwenye kisukari aulizwe kuhusu nyayo zake kabla hazijaguswa, kwani huenda hazimwambii zinapoumia. Na wapo wanaotumia krimu za kujichubua, jambo wasilopenda kulikiri. Nyingi ya krimu hizo zina dawa kali inayokonda ngozi ikitumiwa kwa muda mrefu. Ngozi ya namna hiyo huonekana laini na ya kupendeza, lakini huchubuka chini ya kidole gumba kama karatasi iliyolowa. Ulizeni kwa heshima, faraghani, bila kumhukumu mtu.

Mwisho ni shida ambayo vitabu vya kazi hii, vingi vikiwa vimeandikwa Ulaya na Marekani, havijaitilia maanani. Vinamwambia mwanafunzi atazame wekundu ili ajue ngozi imewaka, na atazame weupe anapobonyeza ajue damu imesogea. Kwenye ngozi nyeusi tii wekundu huo hauonekani. Hugeuka kuwa zambarau au weusi wa kung'aa, na taa hafifu za vyumba vya kukandia huficha hata hayo. Kwa hivyo washa taa kwanza. Kisha tumia mgongo wa mkono, ambao huhisi joto vizuri kuliko kiganja kilichoota sugu, uupitishe polepole sehemu mbili za mwili zinazolingana, mguu huu na mguu ule, bega hili na bega lile. Palipo na joto kuliko penzake, simamisha mkono hapo na umuulize mwenye mwili.